Tochi Ndogo ya Funguo Yenye Ngazi Kadhaa za Mwanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu anayetaka kununua tochi ndogo ya kukaa kwenye kicha cha funguo siku zote, na pia yule ambaye tayari anayo na anajiuliza kama inafaa. Tochi inayozungumziwa ni ile ya ukubwa wa kidole, inayotumia betri moja ya AAA au betri ya ndani inayochajiwa, na yenye ngazi mbili, tatu au zaidi za mwanga. Nautaja msimamo wangu mapema: mimi huipima tochi ya namna hii kwanza kwa ngazi yake ya chini kabisa, kisha kwa urahisi wa kuifikia ngazi hiyo gizani, na ukali wake mkubwa huuangalia mwisho.

Simu yangu ina tochi. Kwa nini nibebe nyingine?

Mara nyingi simu inatosha, na mtu asiyetembea usiku wala kukatikiwa umeme hana haja ya kununua kitu kingine. Tofauti huonekana pale ambapo simu yenyewe ina kazi nyingine. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa mita ya LUKU. Umeme unaisha saa nne usiku, unanunua kwa simu, tarakimu 20 zinaingia kwa ujumbe mfupi, na mita iko ukutani kwenye korido yenye giza. Ukigeuza simu ili imulike vitufe vya mita, huwezi kusoma namba zilizo kwenye kioo cha simu hiyohiyo. Ukiigeuza ili usome namba, vitufe vimepotea. Niliwahi kukosea tarakimu za mwisho mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo, huku jirani akinishikia mshumaa ambao nta yake ilikuwa ikimdondokea mkononi. Tochi ya funguo iliyoning'inizwa kidoleni ingemaliza shughuli hiyo kwa dakika moja.

Sababu ya pili ni ya tahadhari tu. Simu iliyobakiwa na chaji kidogo inahitajika kwa kupiga na kupokea, wala haifai kushikwa kwa vidole viwili juu ya tundu la choo cha shimo, juu ya kisima au juu ya injini inayovuja mafuta. Tochi ya funguo ikidumbukia utaumia, lakini hutalia.

Ngazi ngapi zinatosha?

Tatu. Mbili zinavumilika iwapo moja ni hafifu kweli na nyingine ni kali ya kutosha. Zaidi ya nne ni mzigo, kwa kuwa tochi ya funguo kwa kawaida ina swichi moja tu, na kila ngazi inayoongezwa ni mbonyezo mwingine utakaoupitia kila siku kabla ya kufika unakotaka.

Jambo kubwa kuliko idadi ni nafasi iliyopo kati ya ngazi na ngazi. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kama mashine inavyouhesabu: ili mwanga uonekane umeongezeka maradufu, lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa, zinahitaji kuongezeka karibu mara nne. Tochi yenye ngazi za lumeni 40, 60 na 90 ina ngazi tatu kwenye boksi na ngazi moja machoni pako. Yenye lumeni 1, 10 na 80 ina ngazi tatu kwelikweli, na kila moja itapata kazi yake.

Ngazi ya chini kabisa iwe na mwanga kiasi gani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawatazami, na ndipo tochi nyingi huanguka. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na lumeni 50 zilizopiga kwenye ukuta mweupe hulirudisha nyuma mara moja. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kwenda msalani, katika nyumba ambayo watoto wamelala sebuleni chini ya chandarua, hahitaji kuona ukuta wa jirani. Anahitaji kuona kitasa, ngazi ya mlango na kama kuna mtu amelala njiani. Kwa kazi hiyo lumeni 1 inatosha, na nusu lumeni ni bora zaidi. Ukiwasha kali zaidi utapata kiwi cha macho, utamwamsha mtoto, na ukizima utapapasa kurudi kitandani kwa kuwa macho hayaoni tena chochote.

Lumeni 1 hadi 5 hutosha pia kusomea maandishi yaliyo karibu, kutafuta tundu la kufuli, kuhesabu chenji ndani ya daladala la usiku bila kumsumbua aliyekaa kando, na kuangalia dawa ipi ni ipi. Nimejichunguza mwenyewe kwa muda mrefu kiasi: katika kila mara kumi ninapoiwasha tochi yangu, nane hivi ni kwa ngazi ya chini. Kwa hiyo tochi isiyoshuka chini ya lumeni 10 naiona ni tochi ya ngazi moja pungufu, hata mtengenezaji akiipamba vipi.

Ngazi ya juu je? Wauzaji wanataja lumeni mia kadhaa.

Lumeni 80 hadi 120 kutoka betri moja ya AAA ni kiwango cha heshima, na hutosha kuvuka uwanja wenye matope, kumtazama anayebisha hodi getini au kubadilisha gurudumu. Tochi zenye betri ya ndani ya lithiamu hupita hapo bila shida, lakini mwili mdogo hauna pa kupeleka joto. Baada ya dakika moja au mbili saketi hushusha mwanga yenyewe ili isiungue, na unabaki na kiasi kidogo cha kile ulichokilipia. Hilo si hitilafu. Tochi ambayo haijishushi na inakuunguza vidole ndiyo yenye hitilafu.

Saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za kweli?

Zinaweza kuwa za kweli na bado zikakudanganya. Watengenezaji makini hutumia kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa kipimo hicho, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Maana yake ni kwamba tochi iliyoandikwa lumeni 100 kwa saa 3 inaweza kuwa imetoa lumeni 100 kwa dakika chache za mwanzo, kisha ikajikokota kwenye lumeni 15 hadi saa ya tatu, na bado boksi likawa halijasema uongo.

Badala ya kuliamini boksi, fanya hesabu. Betri ya AAA ya kuchajiwa yenye mAh 800 na volti 1.2 ina nishati ya karibu wati-saa 1. Taa ya LED pamoja na saketi yake katika tochi nzuri ya ukubwa huu hutoa takribani lumeni 80 kwa kila wati. Kwa hiyo betri nzima ina lumeni-saa 80 hivi za kutumia: lumeni 100 kwa dakika 45 au pungufu, lumeni 25 kwa saa 3, lumeni 5 kwa saa 15. Kwenye lumeni 1 hesabu inaonyesha saa 75 au zaidi, ingawa hapo saketi yenyewe huanza kula sehemu kubwa ya umeme. Muuzaji akikwambia kwamba tochi ya betri moja ya AAA inatoa lumeni 1,000 kwa saa 10, anakwambia kwamba ndani ya betri hiyo kuna nishati zaidi ya mara 100 ya iliyopo. Irudishe mezani.

Na umbali wa mwanga, kwa mfano mita 60?

Umbali huo ni mahali ambapo mwanga umefifia hadi robo laksi, kiasi kinachokaribia mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa vitendo, kumtambua mtu au kuona shimo kunahitaji nusu ya umbali huo au pungufu. Kwa tochi ya funguo mimi siujali sana umbali. Mwanga wake huhitajika kuanzia kwenye kiganja hadi mita kumi, na kwa masafa hayo mwanga uliotawanyika vizuri ni bora kuliko wenye doa kali katikati na giza pembeni, kwa sababu doa hilo likiwa karatasini litakutia kiwi na maneno ya pembeni hayatasomeka.

Nichague tochi ya betri gani?

Kuna makundi matatu, na kila moja lina wenyewe.

Kundi la kwanza ni tochi za betri bapa kama sarafu. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na jina lake limetokana na vipimo hivyo. Tochi zake ni nyepesi mno, lakini betri ina mAh 220 hivi, mwanga huanza kufifia tangu siku ya kwanza, na betri yenyewe haipatikani kila duka. Nyumba yenye mtoto mdogo nisingeishauri iwe na tochi ya aina hii ambayo mfuniko wake hufunguka kwa kucha: betri hizo zikimezwa na kunasa kooni huunguza koo ndani ya saa mbili, na hilo ni jambo la kumkimbiza mtoto hospitali bila kusubiri dalili.

Kundi la pili ni tochi za betri ya ndani inayochajiwa kwa waya wa simu. Ni rahisi kutumia na huwa kali zaidi kwa uzito uleule. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, betri ikichoka baada ya miaka michache, tochi nyingi za namna hii hazifunguki, na inabidi kutupa kitu kizima. Pili, ikiisha chaji wakati umeme umekatika, imeisha, isipokuwa una pawabanki. Ukichagua kundi hili, hakikisha tundu la chaji ni la USB-C, maana kutunza waya wa aina ya zamani kwa ajili ya tochi moja ni adha.

Kundi la tatu, ambalo ndilo langu, ni tochi za AAA. Betri hizi zina kipenyo cha milimita 10.5 na urefu wa milimita 44.5 popote duniani, zinapatikana kwenye kibanda cha mtaa wowote, na zimo tayari nyumbani ndani ya rimoti ya televisheni. Usiku wa shida unaazima betri ya rimoti, na asubuhi unairudisha kabla ya taarifa ya habari. Katika kundi hili bado kuna uchaguzi wa ndani. Betri za alkalini ni rahisi kupatikana, lakini hushindwa mapema kwenye ngazi ya juu na huvuja zikisahaulika. Betri za kuchajiwa za nikeli, hasa zile zinazotunza chaji kwa miezi mingi, aina iliyoletwa sokoni na Sanyo mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, hustahimili ngazi ya juu vizuri zaidi na hazivuji kirahisi. Betri za lithiamu za volti 1.5 zisizochajiwa ni ghali, lakini zina uzito wa gramu 7.6 tu dhidi ya zaidi ya 11 za alkalini, na hukaa miaka bila kuharibika. Hizo ndizo nazipendekeza kwa tochi itakayowekwa kwenye gari au begi la safari na kusahauliwa.

Nimeona betri ya lithiamu ya kuchajiwa inayoitwa 10440, ukubwa wake ni uleule wa AAA. Niiweke?

Usiiweke ila tu kama mtengenezaji wa tochi ameandika waziwazi kwamba inaruhusiwa. Ukubwa ni uleule, lakini volti zake ni 3.7 badala ya 1.5. Taa nyeupe ya LED huhitaji takribani volti 3, na tochi ya AAA ina saketi ya kupandisha volti kutoka 1.5 kufika hapo. Ukiipa volti 3.7 saketi hiyo haina tena udhibiti, tochi huwaka kwa ukali wa kufurahisha kwa dakika moja, na ngazi zote hugeuka kuwa moja. Baadhi huungua papo hapo. Tahadhari hiyo ina upande wake wa pili pia: usiiweke 10440 kwenye rimoti.

Swichi ipi ni bora, ya kuzungusha kichwa au ya kubonyeza?

Ya kuzungusha ina vitu vichache vya kuharibika, haijiwashi mfukoni kirahisi, na hufanya tochi iwe fupi. Kasoro yake ni kwamba inataka mikono miwili, au ujanja wa kuishika kwa vidole vitatu na kuizungusha kwa dole gumba, ujanja unaojifunza kwa wiki moja. Ya kubonyeza ni rahisi kwa mkono mmoja, lakini mfukoni mwenye funguo sita kuna siku itabonyezwa na ufunguo wa geti, na utaitoa ikiwa ya moto na betri imekwisha. Ukichagua ya kubonyeza, tafuta yenye namna ya kujifunga, au ambayo ukilegeza kifuniko robo mzunguko hukata umeme.

Mpangilio wa ngazi una uzito kuliko aina ya swichi. Tochi inapaswa kuanza na ngazi ya chini kila mara, au ikumbuke ngazi ya mwisho uliyoitumia. Inayoanza na ya juu imeubatilisha ule uzuri wote wa ngazi ya chini, kwa kuwa ili ufike kwenye lumeni 1 inabidi kwanza ujimulike kwa lumeni 100. Mwanga wa kumetameta kwa kasi, ukiwa umepangwa katikati ya ngazi za kawaida, ni usumbufu mtupu: kila usiku utapita kwenye disko kabla ya kufika msalani.

Mwanga unaonekana kama unapepesa nikitikisa mkono. Ni mbovu?

Si mbovu, ila imetengenezwa kwa njia ya mkato. Baadhi ya saketi hupata ngazi ya chini kwa kuiwasha na kuizima taa mara nyingi kwa sekunde badala ya kupunguza umeme wenyewe. Ukiizungusha tochi haraka mbele ya macho utaona nukta nukta badala ya mstari, na ukiitazama kupitia kamera ya simu utaona michirizi. Wengine hawaoni kitu. Wengine hupata maumivu ya kichwa wakisoma. Jaribu dukani kabla ya kulipa, ni jambo la sekunde tano.

Rangi ya mwanga ina maana yoyote?

Ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga wa kelvini 6,500 huonekana mweupe wa kibuluu, na hutumika sana kwa sababu huleta lumeni nyingi zaidi kwa umeme uleule. Wa kelvini 4,000 unaelekea umanjano na hautishi macho usiku. Ukiangalia nyaya za umeme za kahawia na nyekundu, au unataka kujua kama nyama imeiva jikoni gizani, mwanga wa kibuluu hupotosha. Kama tochi inauzwa kwa rangi mbili, chukua ile inayoelekea umanjano, hata ukipoteza lumeni chache.

Maji na kuanguka je?

Alama ya IPX4 inamaanisha inavumilia matone yanayorushwa kutoka kila upande, na hiyo inatosha kwa mvua. IPX7 inamaanisha imezamishwa mita 1 kwa dakika 30, na hiyo inatosha kwa ndoo, dimbwi na suruali iliyofuliwa na kitu mfukoni. Kipimo cha kuanguka cha FL1 huanzia mita 1, nacho kinakaribiana na kimo ambacho funguo hudondoka kutoka mkononi mbele ya mlango.

Kwa wakazi wa pwani kuna neno la ziada. Hewa ya chumvi hula chemchemi za betri na hesi za alumini polepole. Kila baada ya miezi michache, zifute hesi kwa kitambaa kikavu na upake grisi kidogo ya silikoni. Mafuta ya kujipaka hayashauriwi, kwa sababu baadhi ya mipira ya kuzuia maji, ile ambayo mafundi huiita oringi, huvimba ikikutana nayo na kuacha kuziba.

Ni sehemu gani huharibika kwanza?

Kwa tochi nilizomiliki, si taa wala saketi. Ni pete. Kipete chembamba kinachokuja na tochi hufunguka polepole kadiri kinavyovutwa, na siku moja unatoa funguo mfukoni na tochi haimo. Moja niliipoteza hivyo stendi ya mabasi, na nyingine niliiokota kwenye mshono wa kiti cha gari baada ya wiki mbili. Badilisha pete hiyo siku ya kwanza kwa pete nene ya chuma, au tumia kibanio kidogo kinachofunguka, ili uweze kuitenga tochi na funguo bila kuvunja kucha. Kibanio kina faida nyingine: huwezi kushika tochi mdomoni ikiwa funguo saba zimening'inia kidevuni.

Betri imevuja ndani. Tochi imekufa?

Pengine bado. Unga mweupe unaouona kwenye betri ya alkalini unatokana na kemikali ya kibesi, yaani iliyo kinyume cha asidi, kwa hiyo hulegezwa na asidi nyepesi. Vaa glovu au mfuko wa nailoni mkononi, toa betri kwa kuigonga tochi taratibu juu ya mbao, kisha chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau na usugue sehemu zote zinazogusana na betri hadi povu liishe. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha kwa siku nzima, na usugue miguso ya chuma kwa kifutio cha penseli hadi ing'ae. Betri ikiwa imevimba na kugoma kutoka, usiivute kwa koleo lenye ncha. Weka matone machache ya siki pembeni yake, iache usiku kucha ikiwa imeinamishwa, na ujaribu tena asubuhi.